Karatasi za Sheikh Murtada

Abd al-Rahman al-Jabarti alizaliwa Kairo mwaka 1753, lakini historia yake kubwa ya Misri inaanzia 1688, zaidi ya miaka sitini kabla hajazaliwa. Anayetafuta sababu katika vita au vifo vya watawala atatoka mikono mitupu. Sababu imo katika kalenda. Mwishoni mwa Oktoba 1688 mwezi wa Muharram uliandama na mwaka 1100 wa Hijria ukaingia. Sisi tunapowaita watu hawa wanazuoni wa karne ya 18, tunawapimia kwa kalenda ambayo wao hawakuwa wakiitumia. Al-Jabarti na wenzake walijihesabu kuwa watu wa karne ya 12, na karne hiyo ilifunga mwaka 1785, yeye akiwa na miaka thelathini na ushei.

Kufunga karne halikuwa jambo dogo kwa watu wa vitabu. Kulikuwa na desturi iliyokwisha kuota mizizi: karne ikiisha, mtu mmoja hujitwika kazi ya kukusanya wasifu wa wote walioaga dunia ndani yake, makadhi, washairi, mawalii, wafanyabiashara waliosoma, na kuwapanga katika kitabu. Ibn Hajar wa Kairo alifanya hivyo kwa karne ya 8. Mwanafunzi wake al-Sakhawi akashika ya 9, al-Ghazzi wa Damascus akashika ya 10, na al-Muhibbi, naye wa Damascus, ya 11. Karne ya 12 ilipokaribia ukingoni, aliyejitokeza kuichukua alikuwa Muhammad Khalil al-Muradi, mufti wa Kihanafi wa Damascus. Alikuwa kijana bado. Babu wa baba yake alitoka Asia ya Kati akahamia Sham na kujenga nyumba ya usheikh, na hadi zamu ya Khalil nyumba hiyo ilikuwa na heshima ya kutosha hata barua yake ikifika mji wowote wa dola ya Waothmani inajibiwa.

Na barua ndizo alizozihitaji. Maiti wa Damascus aliweza kuwahesabu mwenyewe. Wa Misri angewajuaje? Kwa hiyo alimwandikia mtu ambaye, kwa maoni ya wengi, alikuwa anajua kila anayestahili kujulikana kuanzia Delhi mpaka Fez: Sheikh Murtada al-Zabidi wa Kairo. Murtada naye, akiwa na shughuli chungu nzima, akamwita kijana wa nyumba anayoiheshimu amsaidie. Kijana huyo ni al-Jabarti. Leo al-Jabarti anatajwa karibu kila mara pamoja na Napoleon, kwa kuwa alikuwepo Kairo Wafaransa walipoingia na akaandika alichokiona. Lakini hakuingia katika historia kupitia mlango huo. Aliingia kama msaidizi wa kukusanya majina ya marehemu, katika kazi aliyoianza mtu mwingine kwa ajili ya kitabu cha mtu wa tatu.

Murtada anastahili kukaa nasi kidogo, maana bila yeye hakuna sura hii. Jina la al-Zabidi linamtaja kwa mji wa Zabid, Yemen, na wengi walidhani ndiko alikozaliwa. Alizaliwa Bilgram, kaskazini mwa India, mwaka 1732. Alisoma Delhi kwa Shah Wali Allah, akavuka bahari, akakaa Zabid, akaenda Hijaz, na huko akakutana na Sayyid Abd al-Rahman al-Aydarus, wa ukoo ule wa Tarim, Hadhramaut, ambao matawi yake yalifika pia mwambao wa Afrika Mashariki. Al-Aydarus ndiye aliyemtia hamu ya Misri. Murtada aliwasili Kairo mwishoni mwa 1753, kijana wa miaka ishirini na mmoja hivi, mgeni asiye na jamaa mjini, akivaa kilemba chake kwa mtindo wa watu wa Makka. Mtindo huo hakuuacha. Kairo ulikuwa mji wa masheikh wengi; aliyetaka kuonekana ilimpasa aonekane tofauti, na nadhani Murtada alilielewa jambo hilo mapema.

Mwaka 1760 alianza kuandika sherehe ya Qamus, kamusi ya Kiarabu ya al-Firuzabadi, mwanazuoni aliyezikwa Zabid karne tatu na nusu kabla yake. Ilimchukua miaka kumi na minne na miezi miwili. Alipomaliza sehemu ya kazi hiyo, mwaka 1767, hakungoja kitabu kizima: alifanya karamu, akawaalika masheikh na wanafunzi, akawaonyesha alichokiandika, na wale wakubwa wakamwandikia sifa zao kwa mikono yao. Leo tungesema anakinadi kitabu kabla hakijatoka, na hatungekosea. Kitabu, Taj al-Arus, kilikamilika 1774. Mwaka huohuo Muhammad Bey Abu al-Dhahab, bwana mkubwa wa Misri wakati huo, alikuwa akijenga msikiti wake karibu na al-Azhar na akataka maktaba yake iwe na fahari. Akainunua nakala kwa dirhamu 100,000 za fedha.

Lakini kamusi ni upande mmoja tu. Upande wa pili ndio uliomfanya awe Murtada. Alifufua desturi ya kusoma hadithi kwa isnadi hadharani, akitaja mlolongo wa wapokezi kutoka kwa mwalimu wake hadi kwa Mtume. Matajiri wakaanza kumwalika majumbani. Anakwenda na wanafunzi wake, msomaji wake na mwandishi wake. Wenye nyumba wanakaa, wanawake na watoto wanasikiliza nyuma ya pazia, ubani na udi vinafukizwa. Kikao kikimalizika, mwandishi anaandika majina ya wote waliohudhuria, hata wale wa nyuma ya pazia, hata watoto, pamoja na siku na tarehe, kisha sheikh anatia mkono wake chini kuthibitisha. Al-Jabarti alihudhuria vikao vingi vya namna hiyo na ndiye aliyetueleza. Mtoto mchanga aliyelala mapajani mwa mamake anakuwa, kwa karatasi ile, mpokezi wa hadithi kutoka kwa Murtada al-Zabidi, na akiishi miaka themanini atakuja kujivunia.

Sifa zake zilipovuka jangwa, mahujaji wa Maghrib wakawa wanapita kwake njiani kwenda na kurudi. Al-Jabarti anasema kwamba kwao ilifika mahali mtu akihiji bila ya kumzuru Murtada na kumpelekea chochote, hija yake ilihesabiwa ina upungufu. Ana kisa kingine, na hapa msomaji anamwona al-Jabarti akitabasamu pembeni. Murtada alikuwa na daftari. Kila mgeni wa mbali akija humuuliza jina lake, la baba yake, la kijiji chake, majirani zake, hali ya fulani na fulani, na yote huyaandika. Mwaka mwingine akija mtu wa kijiji kilekile, sheikh anamwuliza: fulani hajambo? Na jirani yake je? Mtoto wake alishaoa? Mgeni anapigwa na butwaa. Anaamini ni karama, kwamba sheikh anafunuliwa ya ghaibu, na akirudi kwao anasimulia, na mwaka unaofuata wanakuja kumi. Al-Jabarti hasemi kwamba mwalimu wake alikuwa mlaghai. Anaeleza tu daftari lilipokuwa.

Nyumba aliyokulia al-Jabarti nayo ilikuwa na mambo yake. Ukoo wao ulitoka nchi ya Jabart, upande wa Zayla, katika Pembe ya Afrika. Babu yao wa saba alikuja Kairo na kushika usheikh wa riwaki ya Wajabarti pale al-Azhar, yaani makazi ya wanafunzi waliotoka kwao, na cheo hicho kikarithiwa kizazi kwa kizazi. Baba yake, Hasan al-Jabarti, alikuwa faqihi wa Kihanafi, lakini sifa yake hasa ilikuwa katika hesabu, falaki, na vyombo vya kupimia. Mmoja wa walimu wake alikuwa Muhammad al-Kashnawi, mtu wa Katsina, kaskazini mwa Nigeria ya leo, bingwa wa hesabu za majedwali na elimu za siri, aliyekwenda kuhiji akabaki Kairo. Al-Kashnawi alifia katika nyumba ya Hasan mwaka 1741. Kwa hiyo kijana wa ukoo uliotoka Pembe ya Afrika alifundishwa hesabu mjini Kairo na mtu wa Katsina, na hakuna katika kundi lile aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Hivyo ndivyo elimu ilivyokuwa ikitembea.

Kuna kisa cha Hasan ambacho mwanawe alikipenda, nami nakipenda pia. Gavana mpya wa Waothmani, Ahmad Pasha, aliingia Kairo mwishoni mwa miaka ya 1740. Alikuwa mpenzi wa hesabu. Masheikh wakubwa wa al-Azhar walipokwenda kumkaribisha, akawauliza kuhusu elimu hizo, wakakosa la kusema. Gavana akashangaa: huko Istanbul wanaisifu Misri kuwa chemchemi ya elimu, kumbe ni jina tu. Sheikh al-Shubrawi, mkuu wa al-Azhar, akajitetea kwamba elimu ya hesabu za juu inataka vyombo, mafundi na utulivu, na wanafunzi wake wengi ni maskini waliotoka vijijini. Lakini yupo mtu mmoja mjini. Hasan akaletwa, na gavana akawa mwanafunzi wake. Alisoma naye mpaka akaweza kuchora saa za jua juu ya marumaru, moja ikawekwa al-Azhar. Tangu hapo al-Shubrawi kila akikutana na Hasan alikuwa akimwombea dua ya kusitiriwa kama alivyowasitiri wao, kwani bila yeye Pasha angewaona wote ni punda.

Hasan alizaa watoto zaidi ya arobaini. Wote walikufa wadogo isipokuwa Abd al-Rahman. Mtu anaweza kuwa na nadharia nyingi kuhusu kwa nini al-Jabarti alikuja kuwa mwandishi wa marehemu. Mimi sitaongeza yangu, ila idadi hiyo ni vigumu kuipita bila kusimama. Baba naye alifariki 1774, akamwachia mali, maktaba, na marafiki zake wakubwa.

Murtada alimpa kazi ya kukusanya taarifa za watu wa Misri, na al-Jabarti akaanza kuandika vipande vipande. Al-Muradi alikuwa akingoja Damascus. Halafu mwaka 1791 tauni ikaingia Kairo. Ilikuwa tauni kali; Ismail Bey, aliyekuwa akiitawala nchi wakati huo, naye alikwenda nayo. Murtada, kwa miaka ya mwisho, alikuwa amejifungia ndani. Mke wake Zubayda alifariki 1782 na akamlilia kwa namna iliyowashtua watu, akamjengea kaburi, akamtungia tenzi za maombolezo, akawa anakwenda kaburini kila mara. Baadaye akaoa tena. Wageni na zawadi alianza kuvikataa. Ijumaa moja ya mwezi wa Shaaban alitoka kwenda kuswali katika msikiti uliokuwa ng'ambo ya nyumba yake, akarudi na maradhi. Usiku ule ulimi wake ukafungwa. Jumapili akafariki.

Kufa kufaana. Mkewe na jamaa zake walikificha kifo mpaka walipokwisha kuhamisha vitu vya thamani, na habari ikatoka siku ya pili. Alizikwa kando ya Zubayda, katika kaburi alilojitayarishia mwenyewe. Al-Jabarti anayaeleza haya yote kwa kirefu na kwa uchungu uliodhibitiwa, lakini mawazo yake yalikuwa pia kwenye karatasi. Ziko wapi?

Hatimaye alizipata katika mirathi: majalada yenye wasifu ulioandikwa kwa mkono wa Murtada, umepangwa kwa herufi. Akazifungua akitarajia kuwaona wakubwa wa Misri. Akakuta watu wa Maghrib, wa Rum, wa Sham, wa Hijaz, na hata wa Sudan, yaani nchi za watu weusi kusini mwa Sahara: wanafunzi waliopita, mahujaji, watu ambao kwa kipimo chake hawakuwa na jina wala kazi iliyojulikana. Masheikh wengi waliostahili kutajwa hawamo. Alisikitika, na hakuficha.

Al-Muradi alipata habari za msiba, akamwandikia al-Jabarti moja kwa moja: azikusanye karatasi zote zilizoachwa na marehemu, azichanganye na alizoziandika mwenyewe, ampelekee. Al-Jabarti akapata ari mpya. Kabla mzigo haujaondoka Kairo ikaja habari nyingine: al-Muradi amefariki mjini Aleppo, mwaka uleule wa 1791, hajatimiza hata miaka thelathini na mitano. Kitabu chake cha watu wa karne ya 12, Silk al-durar, kilibaki bila ya mchango kutoka Misri kama alivyoutaka. Hakuna tena aliyekuwa anasubiri kitu kutoka kwa al-Jabarti. Kwa maelezo yake mwenyewe, hamu ilimwisha, akaziacha karatasi zikalala.

Wangeweza kuishia hapo, al-Jabarti na karatasi zake, na maktaba za dunia zimejaa kazi zilizoishia hapo.

Meli za Wafaransa zilitia nanga karibu na Alexandria mwanzoni mwa Julai 1798. Wiki tatu baadaye jeshi la Wamamluki, mabwana wa kijeshi walioishika Misri, lilisambaratishwa ng'ambo ya Kairo katika vita ambavyo Wafaransa waliviita vya Mapiramidi. Habari za miaka mitatu iliyofuata zimeandikwa mno, na sina haja ya kuzirudia zote. Kinachonivuta ni kwamba al-Jabarti aliiandika mara tatu. Mara ya kwanza, ndani ya miezi saba tu tangu walipofika, akiwa bado amewaka. Anachukua tangazo la Napoleon kwa watu wa Misri, lile linalodai kwamba Wafaransa ni marafiki wa Uislamu, na analipiga msasa neno kwa neno: hapa irabu imekosewa, hapa muundo hausimami, hapa wamesema uongo. Kwa mtu aliyelelewa karibu na mtunzi wa Taj al-Arus, sarufi mbovu ilikuwa ushahidi wa nia mbovu. Mara ya pili aliandika mwishoni mwa 1801, Wafaransa wakiwa wameshaondoka, na kitabu akamtunuku waziri mkuu wa Waothmani. Humo anawasifu Waothmani kwa mdomo mpana. Ikumbukwe kwamba alikuwa amekaa katika diwani, yaani baraza, ya mwisho iliyoundwa na Wafaransa. Alikuwa na sababu za kutaka kuonekana yuko upande ulioshinda.

Mara ya tatu iko ndani ya historia kubwa, na hapo joto limeshuka. Masomo ya sarufi yameondoka. Sifa kwa Waothmani zimepunguzwa. Yaliyobaki ni aliyoyaona. Anaingia katika nyumba ambayo Wafaransa wameigeuza kuwa taasisi yao ya wanazuoni, anaona maktaba iliyofunguliwa kwa yeyote, meza ndefu, viti, na hata askari wa kawaida wakiinama juu ya vitabu. Mwislamu akija kutazama, wanamkaribisha na kumfungulia kurasa. Anaonyeshwa maji yanayomiminwa juu ya maji na kugeuka jiwe la rangi, unga unaogongwa nyundo na kutoa mlio uliowafanya wageni waruke, wenyeji wakacheka, na chombo kinachompiga mtu mtetemeko akikigusa. Anasema mambo hayo akili za watu kama yeye hazikuwa na nafasi ya kuyabeba. Lakini walipowaita watu Azbakiyya mwishoni mwa Novemba 1798 kuona chombo cha angani ambacho, kwa maneno yao, kingewachukua watu hadi nchi za mbali, na puto likapanda kidogo kisha likaanguka, aliandika kwamba ni kama tiara ambazo watumishi huzitengeneza wakati wa sikukuu na harusi. Hakuna mstari unaonifurahisha zaidi katika habari zote za uvamizi ule.

Vilevile aliweka humo karatasi zote za kesi ya Sulayman al-Halabi, kijana aliyemwua Jenerali Kléber Juni 1800. Anakiri kwamba Kiarabu cha karatasi hizo ni kibovu. Anaziweka hata hivyo, kwa sababu zinaonyesha watu wasiofuata dini yoyote, kama anavyowaona, wakimhoji muuaji wa kiongozi wao, wakiandika majibu yake, wakiwaachia wasio na hatia, ilhali askari wanaojiita Waislamu huua watu mitaani bila kuuliza. Hawasifu Wafaransa. Anawapiga wenzake kwa fimbo ya Wafaransa. Na tukumbuke kwamba Wafaransa haohao Oktoba 1798 waliingiza farasi ndani ya al-Azhar, naye aliliandika hilo bila kulipunguzia chumvi.

Baada ya hayo ndipo alipozirudia zile karatasi. Nadhani uvamizi ulimwonyesha kitu ambacho vifo viwili vya 1791 vilikuwa vimekificha: kwamba ikiwa yeye hataandika, hapatakuwa na mwingine. Katika utangulizi anaeleza kuwa alipotafuta historia za kale za Misri alikuta zimebaki majina tu. Vitabu viliwekwa wakfu katika madrasa, wasimamizi wakaviuza, madalali wakavisambaza, vingine vikaenda Maghrib na Sudan, vingine vikapotea katika fujo, na vilivyobaki Wafaransa waliondoka navyo. Historia moja nzuri iliyofika miaka ya 1730 aliwahi kuwa nayo. Rafiki akaiazima, ikapotea. Kwa hiyo kwa miaka ya mwanzo wa karne alitegemea wazee, madaftari ya makarani, na maandishi ya makaburini. Kwa miaka tangu utoto wake alitegemea macho na masikio yake. Anaongeza kwamba hakuandika kumtumikia mtu mwenye cheo wala kumpendeza mtawala. Waandishi wengi hudai hivyo; yeye alikuja kulilipia dai hilo.

Umbo la kitabu, Aja'ib al-athar, ni ndoa ya kazi mbili. Kila mwaka unaanza na matukio: Mamluki huyu kampindua yule, Nile imepanda au haikupanda, bei ya ngano imekuwa maji ya shingo, msafara wa Hija umeporwa. Kisha, mwaka ukiisha, anawataja waliokufa ndani yake, na hapo ile kazi aliyopewa na Murtada inarudi. Mfalme wa mtaa anaweza kupata mistari mitatu. Sheikh asiyejulikana nje ya riwaki yake akapata kurasa. Murtada anapata kurasa nyingi. Baba yake Hasan anapata nyingi zaidi. Msomaji wa leo anayeruka wasifu ili awahi vita anakosa moyo wa kitabu, kwa kuwa ni katika wasifu ndimo tunamoona jinsi Kairo ilivyoishi: nani alimfundisha nani, nani alioa katika nyumba ya nani, maktaba ya nani iliuzwa kwa mnada siku ya arubaini yake.

Muhammad Ali alishika utawala 1805, na al-Jabarti akaendelea kuandika. Machi 1811 mtawala huyo aliwaalika Wamamluki kwenye ngome kwa sherehe, akawafungia njia na kuwaua. Akazigusa ardhi za wakfu zilizowalisha wanazuoni, akajifanyia biashara ya mazao. Al-Jabarti aliandika kila kitu, bila kumvunjia heshima wala kumwonea haya, na mahali fulani akasema kwamba lau mtu huyu angejaliwa uadilifu kidogo juu ya uthabiti na ushujaa alio nao, angekuwa ajabu ya zama zake. Kuna sifa zinazouma kuliko matusi. Kitabu kinakomea 1821. Muda si mrefu baadaye mwanawe Khalil aliuawa usiku njiani akitoka Shubra, ilikokuwa kasri ya mtawala, na uvumi wa mjini uliinyooshea ikulu kidole. Inasimuliwa kwamba al-Jabarti alilia hadi akapofuka. Hakuandika tena. Alifariki karibu mwaka 1825.

Kitabu kilizuiwa kuchapishwa kwa miongo kadhaa, kikipita mikononi katika nakala zilizoandikwa kwa siri au nusu siri. Kilipigwa chapa kikamilifu mwaka 1879 na 1880 katika kiwanda cha Bulaq, kiwanda kilichoanzishwa na Muhammad Ali mwenyewe. Kilipotoka, Wazungu walikimbilia sura za Wafaransa, Wamisri wakakimbilia sura za Muhammad Ali, na marehemu wa karne ya 12 wakabaki kuwa vichaka ambavyo watu huvuka kwenda kwingine. Taj al-Arus ilipigwa chapa nzima miaka michache baadaye, majalada kumi, na hakuna mwanafunzi wa Kiarabu asiyeijua.

Na zile karatasi za wasifu zilizomkasirisha al-Jabarti? Zilisalia katika hati za mkono mpaka karne yetu ndipo zikahaririwa na kutolewa kitabu, watu zaidi ya mia sita, wamepangwa kwa herufi kama alivyozikuta. Mwaka 2009 mtafiti Mjerumani, Stefan Reichmuth, alitoa kitabu kizima juu ya Murtada na mtandao wake, na sehemu kubwa ya malighafi yake ni haohao ambao al-Jabarti aliwaona hawana maana: wapitaji, mahujaji, wanafunzi wa mwezi mmoja. Kupitia kwao inaonekana ijaza, yaani idhini ya kupokeza elimu, ikitoka Kairo kwenda Fez, ikienda Bornu, ikirudi India. Mmoja wa waliochukua ijaza kwa Murtada ni Jibril bin Umar, mwanazuoni wa Sahel, na Jibril ndiye aliyemfundisha Usman dan Fodio, yule aliyekuja kuanzisha dola ya Sokoto. Hayo hayamo katika Aja'ib. Al-Jabarti alitaka wakubwa wa Misri, kila mmoja na cheo chake na mwaka wake wa kufa. Mwalimu wake, aliyekuwa mgeni mjini kwa karibu miaka arobaini, aliandika kila aliyebisha hodi.